Maswali ya Wasomaji: Msiba na Uzazi Vinapomkuta Mama kwa Pamoja

Barua tatu za toleo hili zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na zote zinahusu wazazi wanaoomboleza. Nimezifupisha na kuondoa yote ambayo yangewatambulisha waandishi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu naamini wako wanawake wengi walio katika hali hiyohiyo ambao hawatapata ujasiri wa kuandika.

Swali

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Kihesa, Iringa, na nina mtoto wangu wa kwanza, wa kike, mwenye miezi minne. Mama yangu mzazi alifariki ghafla kijijini kwetu, upande wa Makambako, nikiwa na ujauzito wa miezi minane. Wazee walinikataza kwenda kuzika, wakasema mjamzito haoni maiti wala hasogelei kaburi, kwa hiyo siku ya maziko nilibaki Iringa na simu mkononi, nikisubiri kuambiwa kwamba wamemaliza.

Mama ndiye aliyekuwa aje kunilea uzazi. Alikuwa amekwisha kuninunulia vitenge viwili vya kubebea mtoto na kunitumia ulezi wa uji. Nilipojifungua, wanawake wa kikundi chetu cha vicoba walikuja kunipa pole na hongera siku moja, rambirambi na zawadi za mtoto zikiwa katika kikapu kimoja, na niliona kabisa kwamba hawajui waanze na lipi. Sasa ninalia kila ninaponyonyesha usiku. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, ananiambia niache kulia kwa kuwa maziwa ya mwenye huzuni humdhuru mtoto. Mume wangu ni mtu mwema, lakini hunyamaza tu. Ninajiuliza kama nimeanza kurukwa na akili na kama ninamharibia mwanangu afya. Nifanye nini?

*Mama wa binti, Iringa*

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama. Hongera ya binti nitakupa mwishoni mwa jibu hili, kwa makusudi, ili safari hii kila moja ipate nafasi yake.

Nianze na lile linalokutia hofu zaidi. Maziwa ya mama mwenye huzuni hayageuki kuwa sumu na wala hayamdhuru mtoto. Linaloweza kutokea ni kwamba uchungu mwingi ukimshika mama wakati wa kunyonyesha, maziwa huchelewa kushuka, kwa sababu homoni inayoyasukuma kutoka, iitwayo oksitosini, huzuiwa kwa muda na hali hiyo. Mtoto hunyonya, hakipati haraka anachokitaka, hulia, na mama huamini kwamba maziwa yamekauka au yameharibika. Kinachofanya maziwa yatengenezwe ni kule kunyonya kwenyewe, kwa hiyo endelea kumnyonyesha kila anapotaka, usiku na mchana, bila kumchanganyia kitu kingine hadi atimize miezi 6, na umpeleke kliniki kupimwa uzito kila mwezi. Mstari wa uzito katika kadi yake ndio utakaokujibu kama anashiba. Mwonyeshe mama mkwe kadi hiyo, kwa heshima, mstari ukiwa unapanda. Hofu yake ni ya bibi anayempenda mjukuu, na hofu ya namna hiyo hutulizwa vizuri zaidi na kitu anachokiona kwa macho kuliko na mabishano.

Sasa nije kwenye kiini cha barua yako. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na mimi nimeisoma barua yako mara kadhaa nikiona jambo hilohilo: wewe kilio chako hukuwahi kupewa nafasi ya kukianza, ndiyo maana hakuna aliyeingia. Kwetu msiba una utaratibu wake na uzazi una wake, na ukizitazama vizuri taratibu hizo utaona kwamba zote mbili zinafanya kazi moja, nayo ni kumwondolea mhusika shughuli. Mfiwa hukaa chini, watu wakampikia, wakalala naye matanga, wakapokea wageni kwa niaba yake. Mzazi naye huogeshwa maji ya moto, hupikiwa uji na supu, hufuliwa nguo, hadi arobaini ipite. Lakini taratibu hizi zinakatazana. Mzazi hatakiwi kutajiwa habari za kifo, na aliyefiwa hapigiwi vigelegele. Zinapomkuta mwanamke mmoja kwa wakati mmoja, kila moja huifuta nyingine, naye hubaki hana matanga na hana uzazi uliolelewa. Wale wenzako wa kikundi waliosimama mlangoni na kikapu kimoja hawakuwa na upungufu wa upendo. Hawakuwa na utaratibu wa kuufuata.

Kwa hiyo utaratibu huo itabidi uuombe, na uuombe waziwazi, hata kama miezi imepita. Mficha uchi hazai. Anza na safari ya nyumbani. Sikulaumu kwa kuwatii wazee, na siwalaumu wao pia, kwa kuwa walitaka kukulinda. Lakini niseme wazi, kwa ajili ya wajawazito wengine wanaosoma, kwamba mimba haidhuriki kwa mama kusimama kando ya kaburi la mzazi wake. La kuangalia ni urefu wa safari, uchovu, na ukaribu wa hospitali ikiwa siku za kujifungua zimekaribia. Wewe sasa umekwisha kujifungua salama. Panga na mumeo mkapande basi mwende Makambako, mtoto akiwa amefunikwa vizuri kwa baridi ya huko, na mmebeba mojawapo ya vile vitenge viwili. Wajulishe ndugu mapema kwamba unakwenda kumlilia mama, usiseme kwamba unakwenda kusalimia tu, ili wakae nawe wanaojua kilichotokea siku ile na wakusimulie: nani alimwosha, aliimbiwa nini, alizikwa upande gani wa nani. Mtu asiyeshuhudia maziko hubaki na picha anazojitungia mwenyewe usiku, na mara nyingi hizo ni mbaya kuliko ukweli. Kama familia ni ya waumini, ombeni ibada fupi. Mtoto naye atambulishwe kwa bibi yake, kwa maneno yenu wenyewe.

Jambo la pili ni la watu. Barua yako imemtaja mama mzazi, mama mkwe na mume, lakini haikutaja hata mara moja dada za mama yako. Katika ukoo wetu mama mkubwa na mama mdogo ni mama, na mama akiondoka kazi zake haziachwi hewani. Inawezekana kabisa kwamba wako huko kijijini wanaomboleza dada yao, wakidhani kwamba wewe una mama mkwe ndani na huhitaji mtu. Mpigie mmoja wao na umwambie maneno yanayoeleweka: “Mama mdogo, naomba uje ukae nami wiki mbili, unilelee uzazi ambao mama hakuwahi kuulea.” Ombi kama hilo lina muda, lina kazi, na halimwachi mtu akijiuliza unataka nini. Kabla hajafika, mumeo amweleze mama yake, yeye mwenyewe, kwamba mgeni anakuja kwa ajili ya msiba na hakuja kuchukua nafasi ya mtu. Jambo hilo likisemwa na wewe linaweza kueleweka vibaya, likisemwa na mwanawe litapokelewa.

Mumeo mwenyewe umesema hunyamaza. Wanaume wengi niliokutana nao hunyamaza kwa sababu wanadhani kazi yao ni kukomesha machozi, na kwa kuwa hawawezi, wanaona bora wasiseme kitu. Mpe kazi anayoiweza. Baada ya kunyonyesha saa tatu usiku, yeye ampokee mtoto, amcheulishe, ambadilishe nepi, akae naye hadi atakapohitaji kunyonya tena, nawe ulale chumba kingine ikiwa kipo. Usingizi wa saa tatu au nne mfululizo ni tiba ambayo siwezi kuisifia vya kutosha. Na katika siku moja ya wiki, ambebe mtoto atoke naye nje, nawe ubaki ndani ulie bila mtu wa kukuambia unyamaze. Kulia huku umemshika mtoto ni tofauti na kulia ukiwa na mikono mitupu; wa kwanza anajizuia, wa pili anapumua.

Kwa kikundi chako ningependa upeleke neno kupitia mwenyekiti, siku ya kikao cha hisa. Waambie kwamba unashukuru kwa kikapu, na kwamba unaomba wanawake wawili au watatu waje nyumbani siku moja kwa ajili ya msiba pekee. Watakuja. Nimeona vikundi vya vicoba vikifanya mambo mazito kuliko hilo, kwa sababu wanaume hawapo, saa haikimbizani, na kila aliyeketi pale amewahi kuzika mtu.

Sasa kuna jambo unalopaswa kulipima kwa ukali. Huzuni ya kufiwa huja kwa mawimbi, na katikati ya mawimbi mtu hucheka, hula, humtazama mwanawe akafurahi. Ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili hakuna katikati hiyo, ukawa hulali hata mtoto anapolala, chakula hakipiti, humwonei mtoto hisia yoyote, unajiona hufai kuwa mama, basi hapo pamoja na msiba kuna sonona, ugonjwa ambao huwapata wanawake wengi ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua na ambao unatibika. Mwambie muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto siku ile ile ya kupima uzito, usisubiri akuulize. Yapo maswali 10 yaliyotungwa huko Edinburgh mwaka 1987, yanayotumika katika nchi nyingi kumpima mama hali hii. Kuyajibu hakuchukui hata robo saa. Kutoka hapo unaweza kuelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Usiogope kwamba utaachishwa kunyonyesha, kwa kuwa zipo dawa za sonona ambazo mama anayenyonyesha hutumia chini ya uangalizi wa daktari. Na ikiwa wakati wowote utapata mawazo ya kujiua au ya kumdhuru mtoto, au ukasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usibaki peke yako na mtoto hata kidogo: mwamshe mumeo na mwende hospitali usiku huohuo.

Kwa ulivyojieleza, mwanangu, sioni dalili za kurukwa na akili. Ninamwona mwanamke anayemlea mtoto vizuri huku akiwa na msiba ambao haujakaliwa. Na sasa nikupe hongera yako. Hongera sana kwa kupata binti, Mungu amkuze.

Swali

Shangazi, salaam kutoka Mafinga. Mwanetu wa kiume alizaliwa kabla ya wakati na akaishi siku tatu. Tulimzika jioni ileile, wanaume wachache, mke wangu akiwa bado wodini. Nyumbani hapakuwekwa turubai, ndugu wakasema kitoto kichanga hakililiwi sana na kwamba tutapata mwingine. Mke wangu ameajiriwa katika kiwanda cha chai, na msimamizi wake amempigia simu akisema kwa kuwa mtoto hayupo, likizo ya uzazi nayo haipo. Maziwa yanamjaa, anaona aibu na kujifungia chumbani. Mimi nimeamua kutomtaja mtoto kabisa ili mwenzangu asahau. Je, nafanya vyema?

*Baba, Mufindi*

Jibu

Pole sana, mwanangu, wewe na mkeo. Naomba uache kunyamaza. Mkeo hawezi kusahau, maziwa yanamkumbusha kila baada ya saa chache, na kimya chako kinamfanya aamini kwamba analia peke yake. Kama mlikuwa mmempa mtoto jina, litumieni. Mwambie ulivyomwona siku ile, ulivyombeba, alivyovikwa. Wewe unajua kaburi lilipo na yeye hajui. Mpeleke, mapema kadiri afya yake inavyoruhusu. Na wewe pia umefiwa. Akiona machozi yako hatadhoofika.

Kuhusu maziwa: avae sidiria inayomshika vizuri bila kumbana, aweke kitambaa cha maji baridi, na matiti yakiuma kwa kujaa ayakamue kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu, kwa sababu kuyamaliza kila mara kunauambia mwili uendelee kutengeneza. Yatapungua taratibu kwa siku na wiki. Asifungwe kitambaa cha kukaza kifuani. Titi likiwa jekundu na la moto, na homa ikimpanda, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mahudhurio ya kliniki ya baada ya kujifungua hadi wiki ya 6 ni yake yeye kama mzazi, hata kama hana mtoto wa kumpeleka; ikiwa kukaa kwenye benchi pamoja na wenye watoto kunamwumiza, nenda wewe ukazungumze na muuguzi wa zamu mapema, mkaombe aingizwe moja kwa moja. Siku hiyohiyo mwulizeni daktari au mkunga sababu ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati na ya kifo chake. Mna haki ya kuelezwa, na maelezo hayo yatasaidia katika mimba ijayo, wakati mtakapoona mko tayari na si wakati ndugu watakapoona.

La msimamizi halikubaliki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na haisemi kwamba zinafutika mtoto akifariki. Kinyume chake, inasema kwamba mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa, mama anastahili siku 84 za ziada ndani ya mzunguko huohuo wa likizo, ambao ni wa miezi 36. Tena hairuhusu mama kufanya kazi ndani ya wiki 6 tangu kujifungua isipokuwa daktari amethibitisha kwamba anaweza. Na wewe, ikiwa umeajiriwa, una angalau siku 3 za likizo ya uzazi kama baba na angalau siku 4 kwa kufiwa na mtoto. Peleka barua kwa mwajiri, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na mkikataliwa mwende kwa afisa kazi au kwa chama cha wafanyakazi. Nenda wewe. Mkeo asilazimike kusimama ofisini kueleza kifo cha mwanawe ili apewe haki yake.

Swali

Shangazi, shikamoo. Nimefiwa na mume miezi mitatu iliyopita, tunaishi Tukuyu. Mwanangu wa miaka mitano aliambiwa na ndugu kwamba baba amesafiri kwenda Dar es Salaam. Sasa kila basi likisimama barabarani anakimbilia dirishani. Nimwambieje?

*Mama, Rungwe*

Jibu

Marahaba, mwanangu, pole mno. Mwambie ukweli, wiki hii, ukiwa umemkalisha karibu nawe na akiwa ameshiba. Tumia neno lenyewe: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hawezi kurudi, na si kwa sababu ya jambo lolote ambalo yeye mtoto alilifanya au alilisema. Usiseme kwamba amelala, maana ataogopa kulala, wala kwamba amesafiri, maana ataendelea kumsubiri na kila safari yako ya sokoni itamtia hofu kwamba na wewe hutarudi. Mkiamini kwamba marehemu yuko kwa Mungu, mwambie hilo pia, lakini baada ya kumweleza kwamba amekufa. Atakuuliza maswali yaleyale kesho na keshokutwa, na pengine dakika tano baada ya kulia atatoka kwenda kucheza; watoto wa umri wake huomboleza kwa vipande, na hiyo haimaanishi kwamba hajaelewa. Mpeleke kaburini.

Wewe ukilia mbele yake, mweleze kwamba unamlilia baba na kwamba bado utapika chakula cha jioni. Kwa umri wake hilo la chakula lina uzito kuliko unavyodhani, kwa sababu swali analoshindwa kuliuliza ni nani atamtunza. Baada ya kumwambia, waarifu wakwe, shemeji zako na mwalimu wake wa awali kwamba mtoto sasa anajua, na uwaombe wote watumie maneno yaleyale uliyoyatumia wewe, hasa yule ndugu aliyemwambia habari za Dar es Salaam.